Kaburi la Mgomba

Kirua Vunjo,
12 Machi 1995

Kwako Dada Yuditha,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima huko Kondoa pamoja na wanafunzi wako. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mama miguu inamsumbua kama kawaida, na mke wangu Stella ana mafua.

Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha jambo. Unakumbuka nilikuambia Krismasi kwamba nimepata kazi ya upagazi mlimani. Basi mwezi wa kwanza tulimpandisha mzee mmoja wa Denmark, jina lake Henrik. Karibu na Kibo hewa ikamshinda, akaanguka, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Wenzangu walikuwa wametangulia. Nikamfunga mgongoni kwa blanketi kama mtoto, nikashuka naye mpaka kambi ya Horombo. Alipopata nafuu aliomba aletwe nyumbani kwetu ashukuru. Mama akampikia mtori wa ndizi na nyama. Alikula bakuli mbili, akamshika mama mikono, akalia machozi. Mama alisema mtu mzima akilia kwa ajili ya mtori basi kwao hawampikii.

Sasa ametuma barua na hundi. Nilipoipeleka benki mjini Moshi, karani alinitazama viatu kwanza, halafu akaniita bwana. Dada, mimi sijaitwa bwana tangu nizaliwe.

Kiingereza changu ni cha kusema chai tayari na twende polepole. Naomba uniandikie barua ya shukrani, utie maneno mazuri ya kiualimu. Weka na anwani yako hapo juu, maana barua za sanduku la parokia zinapotea ovyo.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko mnapata ndizi za kupika au mnaishi kwa ugali tu.

Mdogo wako,
Sirili


Kondoa,
2 Aprili 1995

Mdogo wangu Sirili,

Hatujambo. Ndizi hatupati, mwambie mama asiniulize tena, ananitia njaa.

Barua ya Mzee Henrik nimeiandika kurasa mbili na kuituma. Nimemshukuru. Nimemwambia wewe ni kitinda mimba, kihamba cha baba, nyumba na shamba lake, umeachiwa wewe, na mama anaishi nawe. Nimemwambia pia kwamba bati la nyumba linavuja juu ya kitanda cha mama. Hilo ni kweli, kwa hiyo sikuona ubaya kulisema.

Nimefurahi mno, siwezi kukuficha. Baba alikufa na koti moja. Kahawa yenyewe tangu waje wanunuzi binafsi leo bei juu, kesho chini, huwezi kuitegemea. Kama Mungu amekukumbuka kupitia mgongo wako mwenyewe, nani atakulaumu? Ila anza na bati, halafu kitanda cha mama. Usinunue redio kwanza. Nakujua.

Dada yako,
Yuditha


Kirua Vunjo,
20 Oktoba 1996

Dada Yuditha,

Shikamoo. Bati limekwisha, kitanda cha mama kipo, na redio pia, unisamehe. Leo nimekupakilia cherehani kwenye basi, ni mpya kabisa, uifuate stendi.

Mzee Henrik anaandika kila mara, na anauliza habari za mama kuliko zangu. Sasa nina ombi. Stella anataka kufungua duka pale njia panda. Naomba umwandikie mzee kwamba ng'ombe wetu wawili wamekufa kwa ugonjwa. Si uongo mkubwa sana, maana ni kweli kwamba hatuna ng'ombe wawili.

Sirili


Kondoa,
15 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Nimewaua ng'ombe wako. Nimewaua kwa Kiingereza safi, na mmoja nikamtia mimba ili mzungu aone uchungu. Nilipomaliza nilicheka peke yangu, halafu nikaona haya.

Cherehani nimeipata, Mungu akubariki. Nashona sare za shule, na mwezi huu ni wa kwanza sijakopa unga. Lakini iwe mwisho, Sirili. Ng'ombe si mtu, sawa, ila mazoea yana taabu. Duka likishafunguliwa muishi kwa duka.

Mbusu mama.

Yuditha


Kondoa,
9 Desemba 1997

Sirili,

Sikusalimii.

Leo nimepata barua ya Mzee Henrik, ameileta kwa anwani yangu. Ananipa pole. Anasema amesikitika sana kusikia kwamba mama yangu alifariki tarehe kumi Oktoba kwa homa ya mapafu, na kwamba rambirambi yake ameshaituma kwako.

Miezi miwili, Sirili. Mzungu aliye Denmark ana habari ya kifo cha mama yangu, na mimi niliyetoka tumboni mwake sina. Nilikukosea nini? Ulishindwa hata kupiga simu ya maandishi? Mlizika mkala mkaosha vyombo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Yuditha yuko wapi?

Nimenyoa nywele. Walimu wenzangu wamekaa nami matanga siku tatu. Wamechanga unga na sukari, watu ambao mshahara wao haujaja tangu mwezi wa tisa. Ningekuwa hapo sasa hivi, ila mvua hizi wanazoziita za Elinino zimekata barabara na basi halipiti.

Nijibu haya tu. Amelazwa upande gani wa baba. Nani alimvalisha. Na kama alinitaja.

Yuditha


Kirua Vunjo,
28 Desemba 1997

Dada yangu Yuditha,

Shikamoo, na pole sana.

Mama hajafa. Yuko hapa uani anamenya ndizi, na asubuhi amenigombeza kwa sababu ya sufuria. Nakuomba ukae chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Ilikuwa hivi. Nilihitaji pikapu ya kubeba ndizi kwenda Tarakea, kule Wakenya wananunua vizuri. Wewe ulisema ng'ombe wawe mwisho, nami niliheshimu neno lako, kwa hiyo nilikwenda kwa mtu mmoja mjini anayepiga chapa barua za watu. Nilimwambia aandike kwamba mama anaumwa. Yeye akasema ugonjwa hauleti kitu, mzungu atakuuliza jina la daktari, lakini kwenye msiba hakuna mtu anayeuliza. Nikaona ni kweli. Pikapu imepatikana, ni nyekundu.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungekasirika. Wala sikufikiri kwamba mzee bado anayo anwani yako.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la isale. Nimelichuma mwenyewe kando ya kaburi la baba. Unajua isale halikataliwi. Nakuomba unisamehe, na nakuomba usimwandikie mzee.

Mdogo wako mkosaji,
Sirili


Kondoa,
20 Januari 1998

Sirili,

Jani lako limefika. Limekauka lakini ni isale, siwezi kusema si isale.

Nimemlilia mtu aliye hai. Nimekula michango ya watu wenye njaa. Mpaka leo mwalimu mkuu akinikuta ananishika bega na kuniambia nijipe moyo, nami nasema asante. Nitawaambia nini? Kwamba mama yangu alikufa ili mdogo wangu apate gari jekundu? Nywele zangu hazijaota bado. Kila nikipitisha mkono kichwani nakukumbuka wewe, na unanitia kinyaa. Natafuta neno jingine la kiungwana zaidi, silipati.

Najitia kinyaa na mimi. Ng'ombe wale niliwaua mwenyewe, na cherehani ninayo, na leo asubuhi nimeshona suruali mbili.

Lakini umetuma isale. Baba alitulea kwamba mtu akikuletea jani hilo, hata awe amekuchomea nyumba, unalipokea na neno linaisha. Ungenitumia tusi ningejua la kufanya. Basi nimesamehe, na sitamwandikia mzee. Ila wewe mwandikie. Mfufue mama. Sema palitokea makosa, sema aliyekufa ni jirani wa jina hilo, sema lolote, lakini mama awe hai.

Mama mwenyewe anajua?

Yuditha


Kirua Vunjo,
16 Februari 1998

Wifi Yuditha,

Salamu. Mdogo wako hana nafasi, anashughulika na mafundi, kwa hiyo nakujibu mimi Stella.

Mama anajua tangu mwanzo, na hakuna aliyemlazimisha. Habari yenyewe ni kwamba Mzee Henrik anakuja tarehe tano Machi kuweka maua kwenye kaburi la mama. Sasa mtu ataweka maua wapi kama kaburi halipo? Tumechimba kando ya baba mkwe, mahali pake mwenyewe mama, hatujamdhulumu. Tumelaza mgomba, tukauviringishia blanketi, kama wazee walivyokuwa wakifanya kwa mtu aliyepotea msituni asionekane. Juu tumemwaga saruji, tumeweka vigae vyeupe na msalaba wa chuma wenye jina na tarehe. Kirua nzima hakuna kaburi kama lile.

Mzee alitaka picha za mazishi, nazo zimepatikana. Tulichinja mbuzi wawili, pombe ya mbege ilikuwepo ya kutosha, majirani wakaja wakakaa vizuri na kanga zao kichwani. Yule mjane wa Wenseslaus alilia kuliko alivyomlilia mume wake, mpaka mpiga picha akamwomba apunguze.

Mama tutampeleka Tarakea kwa mdogo wake mwanzoni mwa Machi, akae huko wiki mbili mpaka mgeni aondoke.

Na wewe wifi, usitufundishe adabu. Ulipopokea cherehani hukuuliza ng'ombe walizikwa wapi.

Stella


Tarakea,
Mei, tarehe 17, mvua

Yuditha mwanangu,

Naandika mwenyewe kwa herufi zile za kisomo cha watu wazima. Usicheke. Huku ni baridi.

Sirili alisema wiki mbili. Sasa ni mwezi wa tatu. Mzungu hajaondoka. Amelipenda kaburi langu, anakuja kila Jumapili na maua, na sasa anajenga zahanati hapo kwetu kwa jina langu. Nasikia itakuwa na vitanda vinne. Mimi kifua kinanibana tangu Pasaka. Nikamwambia Sirili anipeleke mjini hospitali. Akasema nivumilie, mzee yuko Moshi kila siku kununua mabomba na rangi, na sura yangu anaijua kwa sababu ya ule mtori.

Unaniuliza moyoni kwa nini nilikubali. Aliniletea isale na mimi. Alipiga magoti kabisa. Nilidhani ni mambo ya karatasi tu, mtu akifa kwenye karatasi haumii. Miti yetu ya isale imechumwa sana, mwanangu.

Sokoni hapa watu wananiuliza mimi ni nani. Mdogo wangu anasema ni mgeni. Hana ubaya, ndivyo Sirili alivyomwelekeza, na kila akija anamwachia sukari. Nasikia kaburi lina vigae. Nyumba niliyowazalia haijawahi kuwa na vigae.

Sitaki kufa huku. Mahali pangu ni kando ya baba yenu, na pale sasa amelala mgomba. Nataka kurudi nyumbani kwa miguu yangu, nikae uani kwangu watu wanione. Njoo unichukue. Sirili hatakuja.

Mama yako,
Dominika


Kondoa,
30 Mei 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma yote, kila herufi, na sikucheka.

Shule zinafungwa tarehe ishirini na sita Juni. Kabla ya hapo nina mitihani ya darasa la saba ya majaribio, na mwalimu mkuu hatanipa ruhusa, maana Desemba alishanipa ruhusa ya msiba wako. Siku hiyohiyo nitapanda basi. Nitakuja moja kwa moja Tarakea, nitakupeleka hospitali, halafu tutapanda wote Kirua mchana kweupe. Mzungu akiwepo akuone. Isale nililopokea lilikuwa la kusamehe uongo uliokwisha kusemwa. Halikuwa la kukuficha wewe, na Sirili akibisha nitambishia mbele ya majirani wote waliokula mbuzi.

Kunywa maji ya moto, jifunike kifua. Wiki nne si nyingi.

Mwanao,
Yuditha


SIMU YA MAANDISHI
Moshi, 6 Juni 1998

MAMA AMEFARIKI TARAKEA. MAZISHI JUMANNE. NJOO. SIRILI


Kondoa,
8 Juni 1998

Sirili,

Simu yako imefika. Karani wa posta alinipa pole, nikamwambia aiweke.

Safari hii unataka nini? Lori? Au mzungu ameuliza mbona binti wa marehemu haonekani, ndiyo unaniita nije nipigwe picha nimeshika kichwa karibu na vigae? Au umeikamata barua yangu kwa mama, umejua nakuja kumchukua, unatafuta namna ya kunipotosha njia niende Kirua badala ya Tarakea?

Mara ya kwanza nilinyoa nywele. Sasa zimeota, nimezisuka, na sinyoi tena. Umemuua mama mara moja nikakusamehe. Kumuua mara mbili ni tamaa hata kwako.

Nitakuja tarehe ishirini na sita kama nilivyomwahidi, na nitamkuta.

Yuditha


Kirua Vunjo,
14 Juni 1998

Dada Yuditha,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Sijui niseme nini ili uniamini. Nimemwomba Katekista Theodory atie sahihi yake hapo chini, yeye unamjua hasemi uongo.

Mama amefariki kweli. Ni kile kifua. Alifariki Ijumaa tarehe tano asubuhi, anasubiri chai. Mama mdogo anasema mkononi alikuwa na barua yako, na alikuwa akihesabu siku kwa vidole.

Mzee Henrik alikuwa amekwenda Dar es Salaam wiki ile kufuata vitanda vya zahanati. Ilibidi tuzike kabla hajarudi. Nilimleta mama kutoka Tarakea kwa pikapu, nikamfunika kwa mikungu ya ndizi ili njiani watu wasiulize. Usinilaumu, nilimwekea blanketi zuri chini.

Kaburi ilibidi tulipasue. Vigae vimevunjika karibu vyote. Ule mgomba ulikuwa umeoza, ukatoka kwa ndoo, maji meusi na harufu, na mimi ndiye niliyeingia kuutoa kwa sababu hakuna jirani aliyekubali. Tulikuwa watu wanne kaburini pamoja na katekista. Nilimwendea mjane wa Wenseslaus mwenyewe nikamsihi. Akasema, "Dominika tulishamlilia, na nyama tulishakula. Mtu halilii kaburi moja mara mbili, anajiitia msiba nyumbani kwake." Wanawake wote wakashika neno hilo hilo. Mama amezikwa kimya, dada. Sikujua kama mazishi bila kilio yanakuwa mafupi namna ile.

Stella hakuwepo. Tuligombana Jumatatu kwa sababu ya fedha za zahanati alizotuachia mzee, kila mmoja anasema mwenzake amezila, na kweli wote tumezila. Akachukua pikapu na vitu vya duka. Nasikia yuko ng'ambo, Kenya. Nimebaki peke yangu kwenye kihamba hiki, sina hata wa kunichemshia maji.

Sasa kuna jambo, na nakuomba ulisome taratibu.

Mzee Henrik alirudi Alhamisi. Kama kawaida yake alikuja na maua. Akakuta vigae vimevunjwa, udongo mbichi, na saruji haijakauka. Akaniuliza hapa amezikwa nani. Ningesema nini? Mama siwezi kumsema, maana mama kwake yuko pale tangu Oktoba. Stella naye siwezi, mzee alimwacha mzima. Nilibabaika, akanishika mabega, akasema, usiniambie ni Yuditha.

Nikasema ndiyo.

Amelia sana, dada. Amesema ulikuwa na mwandiko mzuri, na barua zako zote anazo. Ametoa rambirambi hapohapo, na juzi ameleta fundi, jina lako limeandikwa kwenye msalaba chini ya jina la mama. Vigae vipya vinakuja kutoka Arusha. Katekista hili la pili halijui, nimeandika baada ya yeye kutia sahihi.

Kwa hiyo naomba usije tarehe ishirini na sita. Mzee anakaa mpaka zahanati ifunguliwe, labda mwezi wa kumi, labda Krismasi. Sura yako haijui, lakini majirani wanakujua, na mmoja akikuita kwa jina mbele yake nimekwisha. Tulia huko huko Kondoa, uendelee na cherehani. Fungu lako nitalipakia kwenye basi Jumamosi.

Mdogo wako,
Sirili

Sahihi: Theodory, Katekista